Vikombe Ishirini na Viwili

Mimi ni mwoga. Nalisema hilo mapema, usije ukanitafutia sifa huko mbele ukazikosa. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa mtu yeyote anayeshuka kwenye gari la serikali akiwa na faili kwapani. Na katika miaka mitatu niliyofanya kazi Makao ya Uteithio, kule chini ya Mitunguu, nilimwogopa Madam Gacheri kuliko hivyo vyote.

Madam Gacheri ndiye aliyekuwa msimamizi wetu. Si mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu wa habari hii ulipo. Leseni iliyotundikwa ofisini kwake ilisema wazee kumi na wanane. Sisi tulikuwa nao ishirini na wawili. Hao wanne wa ziada hakwenda kuwatafuta. Mmoja aliachwa langoni na mtu wa bodaboda asubuhi ya Pasaka. Wawili waliletwa kutoka hospitali, jamaa zao walipoacha kupokea simu. Wa nne alikuwa Mwalimu Mukiri, na huyo nilimwombea nafasi mimi mwenyewe. Madam alinitazama kitambo siku hiyo, akasema, "Haya Kananu, mlete. Lakini ujue huyu hayuko."

Nilielewa. Hayuko kwenye leja, hayuko kwenye ripoti, hayuko mtu akiuliza. Nilishukuru hata hivyo, tena nilishukuru sana.

Mwalimu Mukiri alinifundisha hesabu darasa la tatu. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia kikamnyang'anya maneno yote, kikambakishia namba. Ukimuuliza kama amelala vizuri anakujibu moja, mbili, tatu, kwa upole, macho yake yakiwa kwako, anafika ishirini kisha anaanza upya. Akifurahi alihesabu haraka. Akiumwa alihesabu polepole. Nilijifunza kumwelewa. Koo lake pia lilikuwa limelegea, maji matupu yakimpalia, kwa hiyo nilimpa uji mzito tu, kwa kijiko, nikiwa nimemshika kidevu.

Kiti chake kilikuwa kando ya kiti cha Cucu Kanini, nyanya mmoja mkongwe kutoka Manyatta, upande wa Embu. Yeye ndiye aliyeachwa langoni siku ile ya Pasaka. Namba za Mwalimu zilimkosesha raha kabisa. Kwa wazee wetu wengi mtu hahesabiwi. Ukimnyooshea kidole na kumtaja kwa namba, umekiita kifo kimjie. Mhudumu mmoja mgeni aliwahi kupita ukumbini akihesabu vichwa kwa sauti, na cucu watatu wakageukia ukuta, wakakataa chakula mpaka jioni ya siku ya pili. Tangu hapo hatukuhesabu watu tena. Kila mzee alikuwa na kikombe chake cha plastiki, na kwenye mkono wa kikombe tulifunga uzi wa sufu wa rangi yake. Saa nne asubuhi nilimimina uji mpaka kila kikombe chenye uzi kikajaa, basi. Kikombe kikibaki na uji ndipo tunajua nani amekosekana. Mikono yangu iliizoea kazi hiyo hata sikuhitaji kufikiri.

Uzi wa Mwalimu ulikuwa wa bluu. Wa Cucu Kanini ulikuwa mwekundu, na kila Mwalimu alipoanza aliziba masikio akamwambia, "Nyamaza, wewe mzee. Utatumaliza."

Kisha ikaja barua. Kamati ya afya ya kaunti ingetutembelea Alhamisi saa nne, pamoja na afisa wa afya ya umma, kukagua makao na huduma. Mwaka uliotangulia kamati hiyo ilikuwa imefunga makao mengine kwa sababu ya msongamano, na hakuna aliyeweza kutuambia wale wazee walikwenda wapi. Madam aliisoma barua mara mbili mbele yetu. Jumatano jioni akatuita jikoni, sisi wahudumu watano.

"Wale wanne watakaa kwa banda ya ndizi masaa mawili," alisema. "Kamati ikitoka, mnawarudisha. Kuna mtu ako na shida?"

Banda hilo ni la kikundi cha wakulima, ng'ambo ya mfereji, mabati juu na mabati pande zote. Ndizi hupimwa hapo Jumanne na Ijumaa. Alhamisi halina mtu.

"Nani atakaa na wao?" niliuliza.

"Hakuna. Barua inasema wahudumu wote waonekane. Wakikosa hata mmoja wataandika hatutoshi." Aliona uso wangu, akapunguza sauti. "Kananu, wakipata watu wamezidi wanafunga hii mahali. Unataka hawa wote walale kwa barabara?"

Sikutaka. Nikajiambia masaa mawili si kitu, mtu hungoja zaidi ya hapo kliniki. Mwoga hakosi sababu.

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, Gikunda, dereva wetu, aliwapeleka kwa pikapu, nami nikakaa nyuma nikiwa nimemkumbatia Mwalimu asiyumbe. Cucu Kanini alivaa leso yake nzuri.

"Tunaenda kliniki?" aliniuliza.

"Ndio, Cucu."

Tuliwatandikia magunia na blanketi. Wale wawili wa hospitali walilala papo hapo, wao huwa hawaulizi kitu. Mwalimu nilimwegemeza kwenye nguzo. Niliacha mtungi wa maji na kikombe kimoja, nikamwambia Cucu Kanini asimpe Mwalimu maji hata akiyaonyesha kwa kidole, yatampalia. Aliniangalia tu, akaangalia mabati, akaangalia ile mizani ya ndizi inayoning'inia. Alikuwa ameshajua hapa si kliniki.

Gikunda alifunga kufuli kwa nje. Madam ndiye aliyeagiza, maana Cucu Kanini miguu yake ilikuwa bado na nguvu, na gari la kamati lingepita barabara ile ile. Tulipokuwa tukiondoka nilimsikia Mwalimu ndani. Moja, mbili, tatu. Alikuwa akihesabu polepole.

Waheshimiwa walifika saa nne na robo, magari mawili. Mwenyekiti, Mheshimiwa Kailemia, alikuwa mtu mnene wa kicheko kikubwa, aliyemsalimia kila mzee kwa mikono miwili. Nyuma yake alikuja afisa wa afya, mwanamke mwembamba mwenye hijabu ya kijivu, Leylo Mohamud, mzaliwa wa Maua, aliyesema Kimeru kutushinda. Huyo hakucheka sana. Alifungua mifuniko ya sufuria, alinusa ndoo za maji, aliinua shuka kuona godoro. Shuka zilikuwa zile za wageni, nyeupe, ambazo hutoka kabatini siku kama hizo tu. Niliona akizipapasa mikunjo yake, akaandika kitu.

Mimi sikutulia tangu walipoingia. Nilishika ndoo nikaiacha, nikashika ufagio. Mwishowe nikaona afadhali nifanye kazi ninayoijua, nikaingia jikoni nikamimina uji wa saa nne, nikaubeba kwenye sinia mbili mpaka ukumbini.

Nilimgawia kila mmoja chake. Nilipomaliza, niligeuka nikaona sinia mezani na vikombe vinne juu yake, vimejaa, vinatoa mvuke. Wa bluu. Mwekundu. Wa kijani. Mweusi.

Mikono yangu ilikuwa imemimina kama kila siku, ikafuata nyuzi, na nyuzi zote zilikuwa pale rafuni. Hakuna aliyefikiria kuficha vikombe.

Leylo alikuwa amesimama kando ya meza. "Hizi vikombe ni za nani?"

Madam Gacheri alikuwa upande wa pili wa ukumbi na mwenyekiti. Nilimwona akisikia. Hakugeuka, lakini mgongo wake ulikaza.

"Za wafanyakazi," nilisema.

"Wafanyakazi pia mnafungiwa uzi?"

"Ndio. Ndio tusichanganye."

Aliitazama saa yake, sijui kwa nini, pengine ni mazoea. Ilikuwa saa nne na nusu, najua kwa sababu mimi pia niliangalia. Kisha akaitwa kuona choo, akaenda. Sijawahi kudanganya vizuri vile maishani, na kwa dakika moja, Mungu anisamehe, nilijisikia hodari.

Masaa mawili ya Madam yaliisha saa nne na nusu hiyo hiyo. Wageni ndio kwanza walikuwa wanaanza. Walitaka kuona tangi, wakaona tangi. Walitaka kusikia wazee, na Mzee Njura, ambaye hapewi nafasi ya kuongea nyumbani kwetu kwa sababu haachi, alipewa nafasi. Saa tano ikapita. Jua la Mitunguu mwezi wa Februari halina utani, saa sita huwezi kuegemea ukuta wa mabati ukiwa na shati. Nilijua. Nilikuwa nimewahi kusubiri ndizi zipimwe katika banda lile lile, milango yote wazi, na bado nilitoka nikiona nyota.

Nilimfuata Madam jikoni. "Madam, wale watu."

"Bado kidogo."

"Jua imekuwa kali."

"Nimesema bado kidogo, Kananu."

Saa sita na nusu mwenyekiti alisimama kutoa maneno machache, na yakawa mengi. Mbuzi alikuwa anachomwa nyuma ya jiko. Madam akagundua soda hazitoshi, akamtuma Gikunda Nkubu. Niliona pikapu ikitoka langoni, na pikapu ilipokwisha kupotea ndipo nikakumbuka kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Gikunda.

Hapo hofu yangu ilibadilika. Tangu asubuhi nilikuwa nikiogopa kufutwa, kuandikwa kwenye faili, kufungwa. Sasa niliogopa kwamba Mwalimu ana kiu. Nilimwona akilini akiuonyesha mtungi kwa mkono wake mzima. Nilimwona Cucu Kanini akishindwa kuvumilia na kumpa maji, na maji yakimpalia hakuna wa kumwinamisha na kumpiga mgongo. Nilimrudia Madam mara ya pili, akiwa anapanga sahani.

"Gikunda ameenda na ufunguo," nilimwambia.

Sahani moja ilimponyoka, haikuvunjika. "Atarudi sai," alisema. "Wakila wanaenda. Wakila tu, Kananu." Midomo yake ilikuwa mikavu, na nikaona kwamba yeye pia alikuwa akiogopa, tena pengine zaidi yangu, lakini alikuwa ameshafika mbali mno asiweze kurudi. Ilinitisha kuliko ukali wake wote.

Saa saba waheshimiwa waliketi kula. Niliambiwa niondoe vyombo vya uji. Vile vinne vilikuwa bado mezani, hakuna aliyevigusa, uji umeganda na kufanya ngozi juu, nzi wawili kwenye kile chenye uzi wa bluu. Kwa miaka miwili nilikuwa nimekiona kikombe kile kikirudi kitupu kila siku. Nilikichukua.

Leylo hakuwa mezani na wenzake. Alikuwa nje kwenye bomba, akiangalia kama kuna sabuni. Nilienda mpaka pale nikamnyooshea kikombe.

"Hii si ya mfanyakazi," nilimwambia. "Mwenyewe amefungiwa kwa banda ya ndizi. Wako wanne. Tangu saa mbili na nusu."

Hakuniuliza kwa nini. Aliangalia kikombe, akaniangalia, akasema, "Wapi?" Nikaanza kukimbia.

Kutoka Makao mpaka banda ni kama mwendo wa dakika saba. Mvulini mwa migomba kulikuwa na ubaridi, na ubaridi ule ulinitia hasira kwa sababu ulikuwa karibu hivyo nao. Tulipovuka mfereji nilisimama ili nisikilize. Nilitaka kusikia namba. Nilimwomba Mungu anisikizishe namba.

Nikazisikia. Kumi na nne, kumi na tano. Nilimgeukia Leylo nikacheka, nikamwambia, "Ni yeye, yuko sawa, ni Mwalimu." Kisha upepo ukatulia na sauti ikaja vizuri. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

Kufuli lilikataa jiwe. Mheshimiwa Kailemia, aliyetuona tukikimbia, alifika akihema, na mpishi wetu nyuma yake na mtaimbo, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyelivunja, bado kitambaa cha chakula kiko shingoni. Mlango ulipofunguka joto lilitupiga usoni hata akarudi nyuma.

Wale wawili wa hospitali walikuwa wamelala chini, midomo wazi, wanapumua. Mtungi ulikuwa mtupu. Cucu Kanini alikuwa ameketi ameegemea nguzo, leso yake nzuri ameilowesha na kuilaza juu ya kichwa cha Mwalimu, na kichwa cha Mwalimu kiko mapajani mwake. Alikuwa bado anahesabu. Kumi na tisa, ishirini. Moja. Mbili. Leylo alipiga magoti akamgusa Mwalimu shingoni, akaweka sikio kifuani, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Alipoinua kichwa alimfumba Mwalimu macho.

"Cucu," nilisema. "Cucu, tumekuja."

Alinyamaza. Ilimchukua muda kuniona.

"Alichoka, nikamsaidia," alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nilisema, hii sauti ikiisha, mtu akipita hapo nje atafikiri ni ndizi tu ziko ndani."

Maji yaliletwa, na blanketi za kuwabebea, na mtu akapiga simu ya ambulensi. Madam Gacheri alifika mwisho. Alisimama mlangoni, akaona, akakaa chini palepale kwenye vumbi na gauni lake la wageni. "Andikeni ni mimi," alisema. Alilisema mara mbili.

Leylo alifungua daftari. Aliangalia ndani ya banda akaanza kuinua kidole, kisha akakumbuka yuko na nani, akakishusha. Cucu Kanini alikuwa anamtazama. Alinyoosha mkono akakishika kile kidole, akakiweka kifuani pake.

"Hesabu," alisema.

"Cucu, si lazima."

"Hesabu, mwana wakwa. Na uandike."

Leylo akasema moja. Akageukia wale wawili, akasema mbili, tatu. Kwa Mwalimu alisita, kalamu juu ya karatasi.

"Na huyu," Cucu Kanini alisema. "Alikuja hapa akiwa anaongea."

"Nne," Leylo alisema.

Tulisubiri ambulensi chini ya migomba. Leylo alinijia na daftari, akasema anahitaji maelezo yangu kabla sijazungumza na mtu mwingine. Nilimweleza yote, barua, kikao cha jikoni, pikapu, kufuli. Ningeweza kuishia hapo, kwamba niliagizwa, na ni kweli niliagizwa. Leylo mwenyewe hakunikumbusha kitu. Lakini kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu, sijui nilikibebaje njia nzima bila kumwaga.

"Saa nne na nusu uliniuliza hizi vikombe ni za nani," nilisema. "Nikakuambia za wafanyakazi. Andika hiyo pia."

Aliandika. Kisha akamgeukia Cucu Kanini, aliyekuwa amelala kando yetu juu ya blanketi, akamwuliza taratibu sana, "Cucu, saa nne na nusu, huyu mzee alikuwa aje?"

Cucu Kanini hakuwa na saa. Alifikiri, macho yake kwenye majani ya migomba.

"Ile wakati gari zenu zilipita?" alisema. "Muda kidogo baada ya hapo? Alikuwa anahesabu vizuri. Hata nilimwambia anyamaze."

Leylo aliandika hilo neno kwa neno, akanisomea, halafu akanipa kalamu nitie sahihi.